Muulize Mwalimu: Namba tasa ya tarakimu milioni 41

Hapa Tukuyu mvua haijakatika wiki nzima, na barua zenu zimenifikia zikiwa zimelowa pembeni. Tatu kati yake zinauliza jambo moja kwa njia tatu, kwa hiyo mwezi huu nimezichukua hizo tu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa kosa ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifundisha darasani.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nauza mchele na viazi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwanangu wa kidato cha pili amekuja nyumbani na habari kwamba kuna Mmarekani amepata namba yenye tarakimu milioni arobaini na moja, na eti namba hiyo haigawanyiki kwa namba yoyote. Nikamuuliza, nani alikaa akaigawanya kwa namba zote? Akanyamaza. Mimi naona ni uongo wa mtandaoni. Nikimkataza asiamini nitakuwa nimekosea?*
*Mama wa Mwanjelwa*

Marahaba, mama. Umeuliza vizuri kuliko wengi walioitangaza habari hiyo. Habari yenyewe ni ya kweli, ila mwanao hakuambiwa sehemu iliyo tamu: hakuna aliyeigawanya kwa namba zote, na bado tuna hakika nayo.

Tuanzie sokoni kwako. Jirani yako anayeuza nyanya akiwa nazo 12 atapanga mafungu matatu ya nne nne, au mawili ya sita sita. Akiwa nazo 13, hata akae mpaka soko lifungwe, mafungu hayalingani. Ama aziweke zote fungu moja, ama kila nyanya aiuze peke yake. Namba za aina ya 13 ndizo namba tasa. Kitabu cha shule kinasema ni namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, na ni kitu kilekile, lakini mimi tangu zamani nimependa kufundisha kwa mafungu kwa sababu mtoto anaona kwa macho yake namba inavyokataa.

Namba aliyoisikia mwanao ilitangazwa tarehe 21 Oktoba 2024. Aliyeipata ni Luke Durant wa San Jose, California, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya NVIDIA. Kuitaja kwa ufupi ni rahisi: chukua 2, izidishe kwa 2, kisha kwa 2 tena, uendelee hivyo mpaka zile 2 zifike 136,279,841, halafu toa 1. Kazi ni kuiandika kwa kirefu. Ina tarakimu 41,024,320. Nilipiga hesabu ya karatasi: ukurasa wa mistari 50, kila mstari tarakimu 80, utahitaji kurasa 10,257. Ukichapa pande zote mbili utamaliza rimu kumi na kubakiza karatasi zaidi ya mia za kuchapa. Ukiamua kumsomea mtu kwa sauti, tarakimu moja kwa sekunde, usiku na mchana bila kula wala kulala, utamaliza baada ya siku 475 hivi.

Msiiogope lakini. Kuna kitu mnaweza kukijua juu yake leo hii, wewe na mwanao, kwa kalamu tu. Mwambie aandike 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, kisha atazame tarakimu za mwisho peke yake. Ataona 2, 4, 8, 6, halafu 2, 4, 8, 6 tena, na haziachi mwendo huo. Kila hatua nne mzunguko unarudi mwanzo. Sasa 136,279,841 ukiigawanya kwa 4 inabaki 1, kwa hiyo tumesimama pale pa kwanza kwenye mzunguko, penye 2. Ukitoa 1 inabaki 1. Basi ile namba ya rimu kumi inaishia na 1, nanyi mmeifahamu tarakimu yake ya mwisho mkiwa mmekaa kwenye gunia la mchele. Akitaka mbili za mwisho, mwambie mzunguko wake ni wa hatua 20, aangalie 2 kwa kipeo cha 21, yaani 2 ishirini na moja zikizidishana, ambayo ni 2,097,152. Inaishia 52. Atoe 1, ni 51.

Sasa swali lako la nani aliyegawanya. Ukipima namba kwa kugawanya, huhitaji kwenda mpaka mwisho wake. Unaishia kwenye kipeuo chake cha pili, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata hiyo, kwa sababu namba mbili zikizidishana kuleta namba hiyo, mojawapo haiwezi kukipita kipeuo hicho. Lakini kwa namba hii kipeuo chenyewe kina tarakimu zaidi ya milioni 20. Hakuna mashine itakayozipitia namba zote hizo, leo wala baada ya vizazi elfu moja. Hapo uliona sawasawa, mama. Walichofanya ni kuihoji kwa njia nyingine.

Njia hiyo aliianzisha Mfaransa Édouard Lucas katika miaka ya 1870, na Mmarekani Derrick Henry Lehmer akaiweka mwaka 1930 katika sura tunayoitumia mpaka sasa. Inafaa kwa namba za umbo hili tu, yaani 2 iliyopandishwa kwenye kipeo fulani kisha ikatolewa 1. Nitaifanya hapa kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1. Chukua kalamu, tafadhali.

Anza na 4. Kanuni ni moja: zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 127, na unachokwenda nacho mbele ni baki peke yake. Utarudia mara tano, kwa sababu kipeo ni 7 nasi tunapunguza 2. Nne mara nne ni 16, toa 2, ni 14. Hiyo ni ndogo kuliko 127, ibaki ilivyo. 14 mara 14 ni 196, toa 2, ni 194. Ndani yake 127 imo mara moja, baki 67. 67 mara 67 ni 4,489, toa 2, ni 4,487. 127 imo mara 35, baki 42. 42 mara 42 ni 1,764, toa 2, ni 1,762. Imo mara 13, baki 111. Hatua ya tano: 111 mara 111 ni 12,321, toa 2, ni 12,319. Gawanya kwa 127. Unapata 97 kamili, baki 0.

Sifuri hiyo ndiyo jibu. Ikitokea kwenye hatua ya mwisho, namba ni tasa; isipotokea, namba si tasa. Sababu yake inapitia kipeuo cha pili cha 3 na kurasa kadhaa za aljebra ambazo siwezi kuzibeba humu, lakini imethibitishwa, na uthibitisho wake unasomwa na yeyote anayetaka kuufuata mstari kwa mstari.

Nifike kwenye kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika shule moja ya sekondari ya huku milimani, niliandika ubaoni: 2² − 1 ni 3, 2³ − 1 ni 7, 2⁵ − 1 ni 31, 2⁷ − 1 ni 127, zote tasa. Nikawaambia wanafunzi wangu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kwamba kipeo kikiwa tasa basi na jibu lazima liwe tasa. Wakaandika kwenye madaftari. Kesho yake asubuhi binti mmoja wa dawati la tatu, ambaye mama yake alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara ya kwenda Kyela, alinifuata na karatasi aliyoichana katikati ya daftari. Kipeo kinachofuata ni 11. 2¹¹ − 1 ni 2,047. Chini yake alikuwa ameandika: 23 × 89.

Nilizidisha pale pale. 23 mara 90 ni 2,070, toa 23, ni 2,047. Nilimuuliza ameipataje. Alisema alijaribu 2, ikakataa, akajaribu 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, zote zikakataa, na ya tisa ikakubali. Alifanya hivyo kwa mwanga wa kibatari. Nikaingia darasani, nikaiandika tena sentensi yangu ya jana ili kila mtu aione, nikaifuta, nikampa chaki aandike yeye ile ya kweli. Nimewafundisha watu wengi baada ya hapo, na sijawahi tena kutoa kanuni kwa sababu tu mifano minne ya kwanza imekubali.

Kilicho kweli ni upande wa pili wa ile kanuni: kipeo *kisipokuwa* tasa, namba haiwezi kuwa tasa. Andika kwa mtindo wa kompyuta, wa sifuri na moja tu. Namba hizi zote zinakuwa safu ya 1 tupu. 2⁶ − 1, yaani 63, ni 111111. Safu ya sita unaikata vipande viwili vya tatu tatu, 111 na 111, na 111 ni 7. Ndiyo maana 7 inaigawanya 63. Safu ya kumi na moja haikatiki hivyo. Haina mshono wa nje, lakini ndani yake kuna 23.

Sasa ipitishe 2,047 kwenye kipimo cha Lucas na Lehmer. Hatua ni tisa. Utapata 14, 194, 788, 701, 119, 1,877, 240, 282, na ya mwisho 1,736. Haikufika sifuri, basi si tasa. Lakini angalia jambo hili, mama, kwa sababu kwangu ndilo la ajabu kuliko yote: kipimo hakikutaja 23 wala 89. Kimekuhakikishia kwamba nyanya zinagawika mafungu sawa, na hakikukwambia mangapi.

Jambo hilo limewahi kukaa hivyo kwa miaka 27. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimepewa jina lake, alitoa mwaka 1644 orodha ya vipeo alivyoamini vinaleta namba tasa, na 67 ilikuwamo. Mwaka 1876 Lucas alithibitisha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kujua inagawanywa na nini. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahisabati jijini New York. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alipiga hesabu upande mmoja wa ubao mpaka akapata 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande wa pili, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, akapata ileile. Akarudi kukaa, na watu wakapiga makofi. Kila nikisimulia namkumbuka yule binti na karatasi yake, kwa sababu ni kazi ileile aliyoifanya.

Kwa namba ya Durant hatua ni 136,279,839. Tarehe 11 Oktoba 2024 mashine iliyokuwa Dublin, Ireland, ilionyesha kwa kipimo cha haraka kwamba huenda ni tasa. Kesho yake mashine nyingine iliyokuwa San Antonio, Texas, ikamaliza kipimo nilichokuonyesha, na mwishoni ikatoka sifuri. Kabla ya kutangaza, wengine waliirudia kwa programu tofauti kwenye mashine tofauti.

Usimkataze, mama. Wateja wakipungua mchana mkalishe karibu yako, mpe karatasi, afanye ya 127 mbele yako, nawe umshike kila anapokosea kugawanya.

*Kamwene mwalimu. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Makambako, kompyuta mbili. Kijana wangu wa kazi anasema tukiziacha usiku zitafute namba tasa tunaweza kushinda dola laki moja na nusu. Anasema pia kwamba hizo ndizo zinazolinda pesa zetu mtandaoni, na kwamba haziishi. Nimruhusu?*
*Ndugu yako wa Makambako*

Kamwene nawe, ndugu yangu. Fedha hizo zipo kweli. Taasisi ya Marekani iitwayo Electronic Frontier Foundation imeahidi dola 150,000 kwa wa kwanza atakayepata namba tasa yenye tarakimu zisizopungua milioni 100. Ile ya 2024 haikufika hata nusu ya hapo. Dola 100,000 za tarakimu milioni 10 zilishatolewa mwaka 2009. Mradi wa kuzitafuta namba hizi kwa kompyuta za watu wanaojitolea, uitwao GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, hutoa dola 3,000 kwa namba mpya, na Durant alisema zake zinakwenda katika shule ya sekondari aliyosoma kule Alabama. Yeye alitumia mashine za kukodi katika vituo 24 kwenye nchi 17. Kabla yake namba mpya ya mwisho ilikuwa imepatikana Desemba 2018, karibu miaka sita nyuma, huku maelfu ya kompyuta zikitafuta. Kama nia ni fedha, mwambie hapana; umeme utakaoununua kila wiki ni wa hakika na zawadi si ya hakika. Kama anapenda kitu chenyewe, mpe kompyuta moja usiku mmoja aone inavyofanya kazi.

Kuhusu kulinda pesa, amechanganya mambo mawili. Kufuli nyingi za tovuti zinatumia namba tasa kweli, kwa njia iliyotolewa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman. Unachukua namba tasa mbili, unazizidisha, jibu unalitangaza kwa watu, zile mbili unaficha. Rudi kwa binti wa juu: kuzidisha 23 kwa 89 kulinichukua sekunde chache, kuzitafuta ndani ya 2,047 kulimchukua yeye jioni nzima. Fanya kila moja iwe na tarakimu kama 300 na huyo anayetafuta hatafika. Lakini siri inahitaji namba ambayo mwizi haijui. Namba tasa kubwa kuliko zote inajulikana na dunia nzima, kwa hiyo kwa kufuli haina kazi. Sipendi watu wanapoitetea kwa faida isiyo yake.

Faida iliyo yake ni nyingine, na ilishaonekana kwenye kazi ya namna hii. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati wa Lynchburg College, Virginia, alikuwa akifanya hesabu za jozi za namba tasa zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13. Alipofika 824,633,702,441 na mwenzake 824,633,702,443, majibu ya mashine yake hayakukubali. Alikagua programu, akakagua kila kitu, mwishowe akagundua kosa liko ndani ya prosesa ya Pentium yenyewe: kulikuwa na namba ilizokuwa inazigawanya vibaya. Intel, kampuni iliyoitengeneza, ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya jambo hilo. Waliokuwa wakiandika barua na kucheza muziki kwenye Pentium hawakuona kitu. Aliyeona ni mtu wa namba tasa, kwa sababu huku kosa la tarakimu moja haliwezi kujificha.

Kwamba haziishi, amesema kweli, na Mgiriki Euklidi alilithibitisha kabla ya Kristo. Zidisha namba tasa zote ulizo nazo, ongeza 1. Jibu ukiligawanya kwa yoyote kati ya hizo linabaki 1, kwa hiyo lazima kuna nyingine hukuwa nayo. Jihadharini tu na kosa linalorudi kila mwaka kwenye madaftari: si lazima jibu lenyewe liwe tasa. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ongeza 1 ni 30,031, nayo ni 59 × 509. Na kama zile za Mersenne peke yake nazo haziishi, hakuna aliyethibitisha bado. Zinazojulikana ni 52.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha nne, Iringa. Kwenye mchezo wa simu nilikusanya sarafu nyingi sana, zikafika 2,147,483,647 zikaganda, haziongezeki tena. Rafiki yangu akasema hiyo ni namba tasa maarufu. Ni kweli? Na ni kwa nini wameichagua namba tasa? Nataka pia kujaribu kipimo chochote mwenyewe.*
*Mwanafunzi, Iringa*

Marahaba, mwanangu. Ni kweli ni tasa, na ni 2³¹ − 1. Simu yako inaihifadhi namba kwa swichi 32, kila moja ama sifuri ama moja. Swichi moja inatumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zote 31 zikiwa moja, hakuna pa kwenda juu zaidi. Hapo ndipo sarafu zako zilipoishia.

Hawakuichagua kwa kuwa ni tasa, hiyo ni bahati ya 31 kuwa kipeo kizuri. Swichi zingekuwa 16, mwisho ungekuwa 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Zikiwa 64, mwisho ni 2⁶³ − 1, nayo inagawanyika kwa 7. Soma nilichomwandikia mama wa Mwanjelwa kuhusu kukata safu, utaona ni kwa nini, kwa kuwa 63 ni mafungu 21 ya tatu tatu.

Mwisho huohuo unasubiri saa za kompyuta za zamani. Zinahesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa tisa usiku kwa saa zetu. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7. Mashine ambayo haijarekebishwa, sekunde inayofuata itadhani ni Desemba 1901. Mafundi wamekuwa wakihamishia mifumo kwenye swichi 64 kwa ajili hiyo.

Aliyethibitisha kwamba namba yako ni tasa ni Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa yamepoteza karibu nuru yote. Kipeuo chake cha pili ni 46,340 na ushee. Kugawanya kwa kila namba tasa mpaka hapo ni kazi ya namba zaidi ya 4,700. Euler alionyesha kwanza kwamba kigawo chochote cha namba hiyo, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize ama 1 ama 63. Zilizobaki za kujaribu zikawa 84 tu. Alizijaribu, zote zikakataa. Kanuni ya aina hiyo ingemsaidia sana binti yule wa 2,047: kigawo chake chochote kikigawanywa kwa 22 lazima kibakize 1. Namba tasa ya kwanza yenye sifa hiyo ni 23. Angeanza nayo.

Ya kujaribu mwenyewe, chukua 8,191, yaani 2¹³ − 1. Anza na 4, hatua kumi na moja, kanuni ileile, gawanya kwa 8,191 kila mara. Kalkuleta ya simu inatosha, ila andika kila baki kwenye karatasi. Ya pili ni 194. Ya saba iwe 36. Kama umepata kitu kingine, usiendelee, rudi uanzie ya tatu. Ya kumi ni 128. Ya kumi na moja niandikie wewe.